Nilisema Nyepesi

Nilisema nyepesi.

Haya, limetoka. Miaka mitatu na ushee nimekuwa nikiapa kwamba nilisema nzito. Nimewaapia wenye malori wenzangu, nimemwapia dereva wangu, nimewaapia dada zangu wawili ambao hawakuwahi kuniuliza. Nilimwapia hata daktari wa meno, yeye ameshika koleo na mimi mdomo wazi.

Uongo mtupu! Nilisema nyepesi.

Jina langu usilitafute. Nikikuambia kwamba mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nilisomea Kiswahili chuo kikuu, na ninaishi Tabora na lori langu moja, watu wa Kanyenye watakuwa wameshanijua kabla hujamaliza aya hii. Ninyi wengine niiteni Mwalimu. Ndivyo alivyoniita yule niliyemkosea.

Nilifundisha lugha chuoni miaka ishirini. Nikiwa huko niliandika makala za kuwakosoa watu wanaoharibu Kiswahili. Zilisomwa na wachache, na wengi wao walikuwa wanatafuta makosa yangu. Nilipochoka nikanunua lori la tani saba, lililotumika, nikaanza kubeba mahindi na asali kutoka Ulyankulu kuleta mjini.

Dereva wangu ni Nestori. Wazazi wake walitoka Burundi wakalima Ulyankulu, naye akazaliwa hukohuko. Ana rozari kwenye kioo cha lori na maneno machache mdomoni. Ungefikiri mtu kama huyo ananifaa, lakini maneno machache yana ubaya wake: huwezi kuyasahau.

Masika moja lori lilinasa kwenye mbuga, lile tope jeusi linalomshika mtu hadi viatu vibaki na yeye aende. Lilinasa mara tatu ndani ya wiki mbili. Basi nilipoona matairi makubwa yanauzwa, yametolewa kwenye lori la kuchimbia visima, nikayataka. Marefu hayo! Mtu mzima akisimama karibu nayo, yanamfika mbavuni. Nilisema ninayanunua kwa ajili ya tope. Ukweli mwingine ni kwamba lori lilipendeza sana, nami niliwahi kusimama ng'ambo ya barabara nikaliangalia tu.

Nestori alilizunguka mara moja. "Mama," akasema, "sasa tununue na ngazi."

Tope lilishindwa, hilo sikatai. Kilichofuata ndicho sikukitegemea. Lori lilipoteza nguvu. Njia nzima halikuvuka gia ya tatu, kilima kidogo kilikuwa safari, na klachi ikaanza kunuka kama nywele zilizoungua. Halafu Nestori akasimamishwa na askari wa barabarani mwenye tochi ile ya kupima mwendo. Alinipigia simu akiwa palepale.

"Mama, lori linasema tunatembea arobaini na nane. Tochi ya afande inasema hamsini na sita. Nani mkweli?"

"Lori," nikasema bila kufikiri.

"Afande anasema yeye."

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Mzee Shabani.

Mzee Shabani ana gereji Kanyenye, banda la mabati ambalo alirithi kwa baba yake. Ni mtu wa mji huu kwa vizazi. Ukitaka difu ifunguliwe kuanzia Igalula hadi Urambo, zamani ulipelekwa kwake. Nimesema zamani. Hilo "zamani" ni kazi yangu mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naona lori lako limevaa viatu vya kaka yake."

Alinieleza bila haraka. Tairi refu likizunguka mara moja linameza barabara ndefu kuliko lile la zamani. Mshale wa mwendo haujui kwamba tairi limebadilika, kwa hiyo unasema uongo. Injini inajua, kwa hiyo inachoka. Dawa iko kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gurudumu kubwa la meno na dogo linalolizungusha. Badilisha hayo mawili, lori linarudi kwenye akili zake.

Nilipokwenda tena alikuwa na seti mbili mezani, kila moja imeviringishwa kwenye kipande cha gunia kama samaki wa kuoka.

"Ya kwako ya sasa," akasema, "kubwa lina meno arobaini, dogo saba. Propela, ile fimbo ndefu inayoleta nguvu ya injini nyuma, inazunguka karibu mara sita, tairi linazunguka moja. Hii hapa ni arobaini na moja kwa sita, karibu mara saba. Hii nyingine ni thelathini na tisa kwa nane, hata mara tano haifiki." Akagusa ya kwanza. "Hii ndiyo nzito." Akagusa ya pili. "Hii nyepesi. Kwa matairi yako, nzito."

Ndugu yangu, ningesema ahsante nikaenda kunywa chai, leo nisingekuwa naandika.

"Mzee wangu," nikasema, "lori limekuwa zito. Nawe unataka kuliongezea uzito?"

"Si uzito huo, mwalimu."

"Uzito ni uzito."

Siku za sekondari nilikuwa na baiskeli ya gia. Tulipofika mlimani tuliweka gia nyepesi, miguu inazunguka kama cherehani, unapanda. Kila aliyewahi kuendesha baiskeli anajua hivyo. Kwa hiyo kichwani mwangu jambo lilikuwa limekwisha: mlima ni nyepesi. Sikujua kwamba mafundi wa difu neno hilohilo wanalishika kwa upande wa pili. Na sikuuliza! Mimi ambaye darasani niliwaambia wanafunzi kwamba neno halina maana mpaka umjue anayelisema.

Badala ya kuuliza, nilimfundisha. Nilianza na mzizi wa neno, nikapita kwenye ngeli, nikaishia kwenye historia. Nikamkumbusha kwamba mji huu ulisimamishwa na watu waliobeba mizigo mabegani kutoka pwani, na hakuna hata mmoja aliyefika chini ya mlima akaomba mzigo mzito zaidi. Nilimwambia hayo mtu ambaye babu wa babu yake alifika hapa na misafara hiyohiyo, akabaki kwa sababu goti lilimgomea.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kila nikikumbuka. Alisikiliza kila neno.

"Hilo la mabegani ni kweli," akasema. "Ila hapa gereji, nzito ni yule mtu anayetembea polepole na gunia lake kichwani na anafika. Nyepesi ni yule anayekimbia mikono mitupu. Wewe una gunia, mwalimu."

"Mfano mzuri, mzee. Funga nyepesi."

"Nyepesi?"

"Nyepesi."

Aliweka spana chini. Ilikuwa Ijumaa, karibu na saa ya kwenda msikitini. Umeme ulikuwa umekatika, mashine ya kuchomelea imelala, mafundi wengine wameshaondoka. Palikuwa kimya hadi nilimsikia kuku akikwaruza makopo nyuma ya banda. Tulikuwa wawili tu.

"Mwanangu, nakuuliza tena ili nisije nikakosea. Nyepesi?"

"Nyepesi! Mzee Shabani, kwani lori ni la nani?"

Alinitazama kidogo. "Lako," akasema.

Akafunga nyepesi. Akaifunga vizuri, kwa ustadi wote, kama mtu anayeshona suti ya mteja aliyetaka mikono mitatu.

Safari ya kwanza Nestori alikwenda Ulyankulu lori likiwa tupu, akapiga simu amefurahi. "Mama, linakimbia kama pikipiki!" Nami nikamweleza, kwa kirefu, umuhimu wa elimu ya juu.

Kurudi alikuwa na mzigo: mahindi, na juu yake madumu ya asali ya kikundi cha wafugaji nyuki. Njiani kuna korongo. Unashuka, unavuka maji kidogo, unapanda. Nestori alishuka, akavuka. Kwenye kupanda aliweka gia ya kwanza, lori likafika katikati, likasimama, likafikiri. Klachi ikatoa moshi. Halafu likarudi nyuma taratibu, breki zikilia, likakaa mtaroni ubavu mmoja.

Mtu hakufa, namshukuru Mungu. Madumu kumi na manne yalipasuka. Nestori anasema kabla hajamaliza kujikagua mifupa, nyuki walikuwa wamefika kuchukua chao. Alirudi mjini na sikio moja limevimba kama chapati.

"Likiwa tupu linakimbia," akaniambia. "Likiwa na mzigo linaomba msamaha."

Lori lilivutwa hadi kwa Mzee Shabani. Habari ya lori haifichiki mjini hapa. Siku ya pili wenye malori watatu walikuja kutazama, na kati yao Mama Zuwena, mwenye malori mawili na sauti ya malori manne. Difu ikafunguliwa, meno yakahesabiwa mbele ya watu.

"Thelathini na tisa kwa nane!" Mama Zuwena akapiga makofi. "Na matairi yale? Hii si difu ya mzigo, hii ni ya kubebea bibi harusi! Nani kachagua?"

Mzee Shabani alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Hakuwa na wasiwasi wowote. "Mwalimu alisema nyepesi," akasema.

Wote wakanigeukia.

Nataka uelewe kwamba sikupanga. Ningekuwa nimepanga, ningejitetea angalau kwa akili. Nilichoona ni nyuso tatu zinazosubiri kumcheka mwanamke mwenye shahada mbili aliyeshindwa na neno la Kiswahili. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mimi? Hapana, mzee. Nilisema nzito."

Ilitoka kwa matamshi safi kabisa, kila herufi mahali pake.

"Mwalimu," akasema, "ulisema nyepesi."

"Nzito, mzee wangu. Labda hukunisikia vizuri. Kulikuwa na kelele ya mashine ya kuchomelea."

Alikunja kitambaa mara mbili. Nilimwona anaitafuta ile siku kichwani, anaitafuta kelele ile. "Umeme ulikuwepo?" akauliza, na hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa ananijua tangu nikiwa msichana, na haikumwingia kwamba mwalimu anaweza kusimama mchana kweupe akadanganya juu ya neno moja. Ilikuwa rahisi zaidi kwake kuamini kwamba masikio yamekwisha.

"Basi ni masikio," akasema. "Nisameheni."

Aliniomba mimi msamaha! Akatoa nyepesi, akafunga nzito, hakukubali nimlipe hata senti kwa kazi ile. Tangu siku hiyo lori linapanda lile korongo na mzigo kamili, na mshale wa mwendo na tochi ya afande wanaelewana.

Unaweza kuniuliza kwa nini sikusema keshoye. Keshoye nilidhani itapita. Nestori alijaribu kunisaidia. "Mama, Mzee Shabani hawezi kukosea difu," akasema tukiwa barabarani. Nikamjibu, "Umri, Nestori." Hakusema tena kitu hadi Tabora. Nimekwambia ubaya wa maneno machache.

Haikupita. Wiki iliyofuata mzee aliniita gereji. Alikuwa na daftari kubwa jipya. Alitaka kila mteja aandike kwa mkono wake anachotaka, nzito au nyepesi, kisha aweke sahihi. "Nisije nikamuumiza mtu mwingine," akasema. "Wewe una mwandiko mzuri, mwanangu. Niandikie hapo juu."

Nikaandika: MANENO YA WATEJA. Nikapiga mstari chini yake, kwa rula.

Wateja hawakulipenda daftari. Mtu anakuja na lori bovu, anaambiwa aandike na kutia sahihi kama yuko mahakamani! Na fundi akishasema mwenyewe kwamba hasikii, wewe nani umbishie? Wakahamia kwenye gereji za barabara kubwa. Kazi za difu zikakoma. Alipochungulia mtu sasa alimkuta akinoa majembe na kunyoosha springi.

Watoto wake wakampeleka hospitali. Daktari akampima, akasema masikio ni ya umri wake, hayana tatizo. Mzee akasema daktari hakuwepo gereji siku ile.

Kisha ikaja harusi ya mpwa wake. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi kwenye ndoa za ukoo wote, ndoa baada ya ndoa. Alipoitwa safari hii alikataa. "Shahidi ni masikio," akasema. "Tafuteni mwenye nayo." Nilisimuliwa hayo nikiwa jikoni na akina mama, sahani ya pilau mapajani. Kila mtu akasikitika. Nami nikasikitika! Nikatikisa kichwa kabisa, nikasema uzee haumwachi mtu.

Ndiyo gharama yenyewe. Lori ninalo, linakwenda. Lakini tangu siku ile siwezi kumsahihisha mtu neno. Mtu anasema "mara nyingi huwaga", nami nanyamaza kama sikusikia. Nikipita Kanyenye nazunguka mitaa miwili ili nisipite mbele ya banda, na akiniona kwa mbali ananisalimia kwa sauti kubwa sana, kwa sababu anadhani watu wote wanasikia kama yeye.

Kabla sijafika kwenye simu, nawaonya. Wewe uliyeweka matairi makubwa ukaona gari limezubaa, tafuta difu nzito, na usimsikilize mtu wa baiskeli. Hesabu meno kabla ya kufunga. Wewe uliyesoma, fundi akitumia neno lako kwa maana yake, muulize, haiui. Na ukishakosea, sema palepale, hata kama Mama Zuwena yupo. Kucheka kwake ni kwa siku mbili. Tena nakuomba, Mama Zuwena, najua unasoma na umeshanitambua: wasomee wenzako hii yote, kwa sauti yako yote, usiruke jina la mzee.

Sasa simu.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, ilikuwa inaita na jina lake liko kwenye kioo. Nikaiacha iite, nikaiacha, nikapokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Usiseme haraka. Binti yangu wa Dodoma kaniletea mashine ya kuvaa sikioni. Naijaribu."

"Hongera, mzee."

"Umesema hongera."

"Ndiyo."

"Na sasa umesema ndiyo." Alikuwa na furaha ya mtoto. "Nimesema nianze na wewe. Wewe ndiye niliyekusikia vibaya, kwa hiyo wewe ndiye utakayejua kama nimepona. Nitajie lile neno la siku ile. Hilohilo moja. Nitalirudia."

Neno alilolisubiri lilikuwa nzito. Ningelitaja, angelirudia, angefurahi, angekwenda kuwaambia watu kwamba amepona, na mimi ningekuwa salama hadi kaburini. Nilikuwa nalo mdomoni tayari.

"Nyepesi," nikasema.



"Nimesikia nyepesi," akasema polepole, kama mtu anayepima ubao wa daraja kwa mguu. "Mwalimu, mashine hii mbovu."

"Si mbovu, mzee. Nimesema nyepesi."

"Leo."

"Na siku ile."

Nikasikia mkwaruzo, kitu kinawekwa juu ya meza ya bati. Aliporudi sauti yake ilikuwa karibu zaidi.

"Nimeivua. Rudia."

"Siku ile nilisema nyepesi, Mzee Shabani. Umeme ulikuwa umekatika. Kulikuwa kimya. Nilisema nyepesi mara mbili, nikawadanganya watu."

"Mara tatu," akasema. "Halafu ukaniuliza lori ni la nani."

Akakata.